Kompyuta Iliyojaa Matangazo: Namna ya Kuisafisha Bila Kumaliza Mega

Masisi-centre, Nyabiondo, Mubi, Walikale-centre: katika vituo kama hivi, kibanda kizima cha kuchapa na kufotokopi, «secrétariat public» kama tunavyokiita, mara nyingi kinategemea kompyuta moja tu. Hapo ndipo inapochapwa barua ya kuomba kazi, ripoti ya shule, kanuni za ushirika wa wachimbaji, orodha ya familia zinazosubiri msaada. Mashine inaishi kwa betri ya sola au jenereta, na intaneti yake ni mega zilizonunuliwa kwenye simu. Ikiingiwa na programu za matangazo, zile ambazo mafundi huziita adiwea, hasara inaanza siku hiyohiyo. Unawasha mega ili utume barua pepe moja, na kabla hujafungua sanduku lako madirisha manne yamekwisha kujifungua yenyewe: mchezo wa kamari, dawa ya nguvu za kiume, onyo kwamba mashine ina virusi, video inayojicheza. Mega zimekwenda na barua haijatumwa.

Mwenye adiwea hulipwa kila tangazo lake linapoonekana au linapobonyezwa, na hiyo ndiyo biashara yake yote. Ndiyo maana programu hiyo hubadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari, hubadilisha mtambo wa kutafutia, na hujiwasha kila mashine inapowaka. Mtu wa mjini mwenye intaneti isiyopimwa ataiona kama kero. Kwetu ni pesa inayotoka mfukoni, na betri inayokwisha saa tisa badala ya saa kumi na mbili.

Na usiamini kwamba ni matangazo tu. Mwaka 2015 iligundulika kwamba kampuni ya Lenovo ilikuwa imeuza kompyuta za nyumbani zikiwa tayari na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ili iweze kupenyeza matangazo yake hata katika kurasa zilizofungwa kwa usalama, programu hiyo ilijipa cheti chake yenyewe ndani ya Windows, na kwa njia hiyo mlango ambao mteja alidhani umefungwa, wa benki au wa barua pepe, ukabaki wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuusukuma. Lenovo iliiondoa, na mwaka 2017 ikafikia makubaliano na mamlaka ya biashara ya Marekani. Kampuni kubwa yenye jina ilifanya hivyo. Wale wasio na jina watajizuia vipi?

Nalisema hili nikifikiria hasa ofisi za kanda za afya, Masisi, Katoyi, Mweso, Pinga, Itebero, ambako majina na magonjwa ya watu hupita kwenye kompyuta, na mashirika yanayoandika nani amekimbia kutoka kijiji gani. Tangu 13 Machi 2023 Kongo ina Sheria ya Dijitali, «Code du numérique», inayolinda taarifa binafsi za raia. Lakini katika eneo lenye vita, orodha ya watu ikivuja, madhara yake hayasubiri mahakama. Kompyuta yenye orodha kama hiyo isafishwe kabla ya nyingine yoyote.

Kabla ya kugusa kitu, zima mega. Kazi kubwa ya usafi haihitaji intaneti, na adiwea isiyo na mtandao haiwezi kuita wenzake. Fanya kazi hii mchana jua likiwa kali na betri imejaa, kwa sababu mashine ikizimika katikati ya kufuta au kuchunguza inaweza kuharibika zaidi. Nakili kwanza barua na ripoti zako kwenye flashi. Nitataja maneno ya vitufe kwa Kifaransa, maana mashine nyingi za huku ziko kwa lugha hiyo.

Anza na arifa, kwa sababu ndizo chanzo chepesi kuliko vyote na ndizo watu wanazozisahau. Ni vile vijisanduku vinavyotokea pembeni chini kulia, hata kama hujafungua ukurasa wowote. Huwa vimeingia hivi: ulikuwa unatafuta wimbo, filamu au matokeo ya mtihani, ukurasa ukakwambia «bonyeza Autoriser kuthibitisha kwamba wewe si roboti», ukabonyeza. Hukuthibitisha lolote; ulitoa ruhusa. Hapo hakuna programu iliyosakinishwa, na antivirusi unaweza kuiendesha siku nzima isione kitu. Katika Chrome, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ingia «Paramètres», kisha «Confidentialité et sécurité», «Paramètres des sites», halafu «Notifications». Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Majina mengi hutakuwa umewahi kuyasikia. Yafute yote, na papo hapo chagua kwamba tovuti zisiruhusiwe tena kukuuliza. Katika Firefox njia ni «Paramètres», «Vie privée et sécurité», ukishuka hadi «Permissions». Mashine nyingi hupona hapa, bila kutumia hata mega moja.

Zikiwa hazijapona, tazama nyongeza za kivinjari. Andika chrome://extensions mahali pa anwani, au edge://extensions kwa Edge, au about:addons kwa Firefox. Nyongeza ya kutafuta bei nafuu, ya kugeuza PDF, ya hali ya hewa, ya kushusha video: kama hukuiweka wewe kwa kujua, iondoe. Wakati mwingine kitufe cha kuondoa hakibonyezeki, na Chrome inasema kwamba inasimamiwa na shirika lako. Kama kweli mashine ni ya shirika, mwite mtu wa teknolojia wa ofisi. Kama ni yako uliyoinunua kwa mkono wa pili, basi kuna programu iliyojifunga ndani ya Windows yenyewe, na dawa yake iko katika hatua zinazofuata.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kisha Entrée. Orodha ya programu zote itafunguka. Bonyeza kichwa cha safu «Installé le» ili zijipange kwa tarehe, na ukumbuke matangazo yalianza lini. Kilichoingia siku hiyo au siku moja kabla ndicho cha kutiliwa shaka kwanza. Kichague, bonyeza «Désinstaller», na soma kila dirisha pole pole. Baadhi ya programu hizi huweka kitufe kikubwa chenye rangi cha kuibakiza na maandishi madogo ya kijivu ya kuiondoa. Usiguse zenye majina ya Intel, Realtek, au ya printa yako, na jina usilolijua muulize fundi kabla ya kufuta. Halafu bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, ingia sehemu ya «Démarrage», na uzime kila kisichostahili kuwaka pamoja na mashine.

Kuna maficho ambayo hata mafundi huyapita. Ukifungua Chrome kwa ile picha iliyo kwenye «Bureau» na kila mara unapelekwa kwenye ukurasa uleule usioutaka, bonyeza picha hiyo kwa kitufe cha kulia cha panya, chagua «Propriétés», utazame mstari wa «Cible». Unatakiwa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta baada yake nafasi, kisha anwani inayoanza na http, umemwona mgeni. Futa kile kipande cha anwani tu, bonyeza OK. Fanya vivyo hivyo kwa picha iliyo kwenye mstari wa chini wa kioo, maana nayo huwa imeguswa.

Mwisho wa sehemu hii, rudisha kivinjari katika hali yake ya mwanzo: andika chrome://settings/reset na ukubali. Alamisho, historia na maneno ya siri uliyohifadhi havitafutika. Nyongeza zitazimwa, na tovuti zitakutaka uingie upya.

Sasa ndipo uchunguzi wenyewe. Windows 10 na 11 zina antivirusi yake, Microsoft Defender, na kwa maoni yangu inatosha. Kuweka antivirusi ya pili ya wizi juu yake ni kumwajiri jambazi kulinda duka. Fungua «Sécurité Windows», tafuta mahali panapotaja «applications potentiellement indésirables», na hakikisha kinga hiyo imewashwa, kwa sababu ndiyo inayohusika na adiwea hasa. Kisha, katika chaguo za uchunguzi, chukua ule wa «hors connexion» au «hors ligne»: mashine itazimika na kuwaka upya, itachunguzwa kwa takriban robo saa kabla Windows yenyewe haijaamka, na hivyo adiwea haipati nafasi ya kujificha. Ila Defender inahitaji orodha mpya ya wahalifu, na orodha hiyo ni nzito. Usiishushe kwa mega za bei ya juu. Microsoft huitoa pia kama faili moja unayoweza kuishusha mahali penye mtandao mzuri, Goma au penye Wi-Fi ya ofisi, na kuileta kwenye flashi. Katika safari hiyohiyo chukua AdwCleaner, programu ndogo ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, isiyohitaji kusakinishwa. Ichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Flashi moja iliyoandaliwa hivi inaweza kusafisha kompyuta za kituo kizima, na hilo ni jema kuliko kuipeleka mashine Goma kwa barabara ya Sake, au kuitoa Walikale kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Kilambo.

Mashine ikiwa safi, badilisha neno la siri la barua pepe yako, ukitumia simu au mashine nyingine unayoiamini. Tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, watu wengi wamebaki na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money peke yake, na wezi wanalijua hilo. PIN ya pesa ya simu haina kazi yoyote kwenye kompyuta. Ukurasa ukikuomba uiandike, ufunge. Na dirisha likikujazia kioo likipiga kelele kwamba mashine imefungwa, upige namba fulani, usipige: shikilia Échap, au bonyeza Alt na F4, au ifunge Chrome kupitia «Gestionnaire des tâches». Ukiifungua tena, kataa kurudishiwa kurasa za zamani.

Adiwea hizi zinatoka wapi? Watu hutaja tovuti chafu, lakini ukiniuliza mimi nitataja kwanza Windows na Office za wizi. Yule anayekuuzia kompyuta mara nyingi amekwisha kuweka «activateur» ya kuvunja leseni, na maagizo ya programu hiyo huanza kwa kukutaka uzime antivirusi. Ukiizima, umeikaribisha pamoja na chochote ilichobeba. Kwa barua, ripoti na majedwali, LibreOffice ni ya bure kabisa, iko kwa Kifaransa, inafungua faili za Word na Excel, na ukishaishusha mara moja unaweza kuigawa kwa flashi bila kuvunja sheria. Kwa video kuna VLC, nayo ya bure. Zote zitafute kwenye tovuti zake rasmi. Ukitafuta kupitia Google, mistari ya juu kabisa yenye neno «Sponsorisé» imelipiwa, na wenye programu za uongo wamekwisha kulipia nafasi hiyo mara nyingi. Wakati wa kusakinisha chagua «Personnalisée», uondoe tiki kwenye kila kisichohusiana na ulichokuja kukitafuta.

Chanzo cha pili ni flashi za wateja. Katika kibanda, flashi za watu wa aina zote hupita kwenye mashine ileile. Fungua dirisha la faili, ingia «Affichage», washa «Extensions de noms de fichiers». Kuanzia hapo faili iliyojionyesha kama rapport.doc itafichua jina lake kamili, rapport.doc.exe, na barua haiishii na exe kamwe. Ukikuta folda zote za mteja zimegeuka kuwa picha zenye mshale mdogo, usibonyeze hata moja. Ichunguze flashi kwanza kwa Defender.

Ukitaka kuokoa mega pia, tumia Firefox yenye nyongeza ya uBlock Origin. Inazuia matangazo kabla hayajashuka, kwa hiyo hayalipiwi. Jina lisome vizuri, maana kuna zinazoliiga.

Ikiwa baada ya yote haya matangazo yanarudi, au mashine ni kuukuu na inatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure 14 Oktoba 2025, mimi ningeifuta yote na kuanza upya. Kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 huendelea vizuri na Linux Mint: haina leseni ya kuvunja, LibreOffice imo ndani, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuisakinisha, uone kama printa yako inaitika. Kabla ya kufuta, nakili barua, majedwali na picha peke yake. Programu zilizoshushwa zamani, faili za kusakinishia na ile «activateur» ziache zifutike, na flashi uliyonakilia uichunguze kabla ya kuirudisha kwenye mashine mpya.