Kutoka Ualimu Mpaka Umeya: Habari za Mama Grace Onyango

Katika mjadala wetu wa darasa muhula huu, mwenzetu mmoja alisimama akasema ya kuwa siasa ni biashara, na asiye na fedha nyingi asijisumbue kugombea kiti. Wengi wakampigia makofi. Mimi nilipinga, lakini nilipotakiwa kutoa mfano nilinyamaza, maana sikuwa nao. Basi nilikwenda kutafuta habari, na haya ndiyo niliyoyapata.

Grace Onyango alizaliwa katika Nyanza mwaka wa 1924. Alisomea ualimu, akafundisha. Mbali na kazi ya darasani, alijitolea kuwaongoza wasichana wa Girl Guides mjini Kisumu, kadhalika alishughulikia hali njema ya watoto. Kazi hizi hazikumpa cheo serikalini, lakini zilimwingiza majumbani mwa watu. Akina mama walimjua kwa matendo yake kabla hajawaomba kura.

Baadaye alichaguliwa kuwa diwani wa Manispaa ya Kisumu. Msomaji wa leo huenda asijue jinsi mambo yalivyokuwa siku zile. Wakazi wa kila wadi walimchagua diwani wao, na madiwani nao wakamchagua meya kati yao wenyewe. Baraza lilitunza masoko, barabara za mji, nyumba za kupangisha na usafi. Takataka zisipozolewa, watu walijua mlango wa kubisha. Katika mwaka wa 1965 meya aliyekuwapo alifariki, na Mama Grace akashika mahali pake. Hivyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya katika Kenya, miaka miwili tu baada ya Uhuru.

Mwaka wa 1969 ulikuwa mgumu sana kwa Kisumu. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta alipofika kufungua hospitali, ghasia zilizuka na watu wakapigwa risasi wakafa. Siku chache baadaye chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku. Uchaguzi mkuu ulifanywa Desemba mwaka uo huo, na mji uliokuwa bado katika matanga ukamchagua mwanamke huyu kuwa Mbunge wake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya huru.

Alikaa Bungeni mihula mitatu. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa mwezi wa Machi 1975, Bunge liliunda kamati ya kuchunguza kifo hicho, na Mama Grace alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Hiyo haikuwa kazi ya mtu mwoga, kwa kuwa aliyeuliza maswali yale alijiweka hatarini. Tena alipata kukalia kiti cha Spika, akiwa naibu wa muda. Baada ya uchaguzi wa mwaka wa 1983 hakuwa Mbunge tena. Aliishi miaka karibu 40 nje ya Bunge, mpaka alipofariki tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na umri wa miaka 98.

Tujifunze nini? Kwanza, wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mama huyu alifanya kazi kwanza, cheo kikafuata. Pili, mlango alioufungua bado ni mwembamba. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022, magavana wanawake waliochaguliwa walikuwa 7 kati ya 47. Tatu, mabaraza ya miji na vyeo vya meya vya zamani viliondoka mwaka wa 2013, zilipoanza serikali za kaunti, lakini kazi ya diwani haikuondoka. Siku hizi hufanywa na mwakilishi wa wadi, na ndiye aliye karibu nasi zaidi.

Mwakani nitatimiza miaka 18, nami nitachukua kitambulisho na kujiandikisha kupiga kura. Kila atakayeniomba kura yangu nitamwuliza maswali matatu. Umewafanyia nini watu wa wadi hii kabla ya kutaka kiti? Ni nani atakayetoa ushahidi? Na utakaposhindwa, utakubali kurudi nyumbani kwa amani?

Mwenzangu wa mjadala amesoma makala haya kabla sijayapeleka kwa Mhariri. Amesema mfano mmoja hautoshi. Nakubali, hautoshi. Lakini siku ile sikuwa na hata mmoja. Nawaomba wasomaji, hasa mtakaokwenda likizo vijijini, mwaulize wazee habari za madiwani wa zamani, wema na wabaya, mtuletee muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne