Kukokota, Kuganda na Kuzimika: Lugha ya Kuchunguza Tarakilishi Kongwe

Utangulizi

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye hafichi maradhi yake ila hana maneno ya kuyaeleza. Ndivyo alivyo mwanafunzi anayempelekea fundi tarakilishi yake kongwe na kumwambia tu kwamba "ina shida". Fundi, kwa kukosa dalili, hufuata njia ya mkato: hufuta kila kilichomo na kuweka mfumo endeshi upya. Mashine hupona, tasnifu hufa.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hatua ya kwanza ya kuitibu tarakilishi ni ya kilugha, nayo ni kuitaja dalili kwa kitenzi kinachoistahili. Mfano utakaotumika ni wa mwanafunzi wa kubuni wa uzamili, mkazi wa mtaa wa Tuwan mjini Kitale, anayesomea Bungoma. Tarakilishi yake ni ya mtumba, yenye mfumo endeshi wa Windows 7 na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Mfumo huo ulitolewa mwaka 2009, na kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020. Ulibuniwa kuweza kuendeshwa kwa kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu. Kinachoilemea mashine hii leo, basi, aghalabu si mfumo wenyewe bali mizigo iliyorundikwa juu yake.

Kabla ya kugusa chochote, mwanafunzi huyo anapaswa kunakili tasnifu yake kwenye flashi au kuituma kwa baruapepe yake mwenyewe. Hatua zote zinazofuata zinachukulia kuwa nakala ipo.

Kukokota

Mashine inayokokota hufanya kazi yote, ila polepole. Swali la kwanza ni: inakokota tangu lini? Ikiwa inakokota tangu inapowashwa, sababu ya kawaida ni programu nyingi zinazojianzisha zenyewe bila kuitwa. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, akaandika msconfig na kufungua kichupo cha nne. Humo mna orodha ya programu hizo. Aondoe alama kwenye zile asizozihitaji kila siku, aache ya kukinga virusi, kisha aiwashe mashine upya.

Ikiwa inaanza vyema lakini inakokota kazi inapoendelea, tatizo huenda ni kumbukumbu. Kumbukumbu ni mithili ya meza ya kazi, na diski kuu ni kabati. Meza ikijaa, mashine hulazimika kupeleka karatasi kabatini na kuzirudisha kila mara, na safari hizo ndizo ukokotaji wenyewe. Ili kuthibitisha, mtumiaji abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha atazame kichupo cha nne. Kumbukumbu ikiwa inakaribia kujaa, afunge kurasa za mtandao zisizohitajika. Kichakataji kikionyesha asilimia 100 ilhali hakuna kazi inayofanywa, atazame kichupo cha pili ili aione programu inayokitumia. Huenda ni kinga ya virusi inayokagua mafaili, au kirusi chenyewe.

Nafasi ya diski nayo isisahaulike. Diski iliyojaa pomoni huikosesha mashine mahali pa kuweka mafaili yake ya muda. Amri ya cleanmgr husafisha takataka hizo. Ni busara kuacha takribani asilimia 15 ya diski ikiwa tupu, kwani ndicho kiwango ambacho zana ya kupanga upya mafaili yaliyotawanyika huhitaji ili ifanye kazi ipasavyo.

Kuganda

Kuganda si kukokota. Mashine iliyoganda haisogei: kielekezi kimesimama na vitufe havijibu. Hapa sikio na jicho hutangulia mkono. Taa ya diski ikibaki imewaka bila kupumzika, au diski ikitoa mlio wa kugongagonga, huenda diski yenyewe inaelekea kufa. Katika hali hiyo mtumiaji asianze kusafisha wala kupanga chochote. Anakili kazi yake kwanza, maana kila zoezi la ziada huichosha diski iliyo mahututi.

Nakala ikishapatikana, amri ya chkdsk C: /f, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, hukagua na kurekebisha makosa ya mpangilio wa mafaili. Mashine huomba kuifanya kazi hiyo itakapowashwa tena. Makosa ya aina hii mara nyingi hutokana na umeme kukatika ghafla wakati faili linaandikwa.

Kuzimika

Mashine inayozimika yenyewe baada ya muda fulani hulalamikia joto au umeme. Vumbi la kiangazi huziba feni na matundu ya hewa. Kichakataji kikipata moto hujipunguzia kasi ili kujilinda, na joto likizidi mashine hujizima. Kwa hiyo mashine inayokokota mchana na kuzimika baadaye haihitaji programu mpya, bali brashi laini na feni safi. Ieleweke pia kuwa kipakatalishi kilichowekwa juu ya blanketi hunyimwa hewa hata kama hakina vumbi.

Kuficha

Dalili ya nne ndiyo inayowaliza wanafunzi. Mwenye tasnifu hupeleka flashi kuchapisha sura moja kwenye duka la huduma za mtandao. Anaporudi nyumbani, makabrasha yake yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Husema kazi "imepotea". Kitenzi hicho ni hatari, kwa sababu kilichopotea hutafutiwa badala, na flashi hufutwa ili ianze upya.

Mara nyingi kazi haikupotea, imefichwa. Kirusi cha aina hii huyapa makabrasha halisi sifa ya kufichika, kisha huweka njia za mkato mahali pake. Anayezibofya hukieneza kirusi. Dawa ni kutozibofya, kufungua dirisha la amri kwa neno cmd, na iwapo flashi inatambulika kwa herufi E, kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha kusubiri. Alama ya kutoa iliyo mbele ya kila herufi huondoa sifa husika, na makabrasha hujitokeza tena. Baadaye flashi na mashine zikaguliwe kwa kinga ya virusi. Ili kuepuka balaa hilo, flashi ya kuchapishia iwe na nakala ya sura inayochapishwa tu.

Hitimisho

Juhudi za kuufikisha Kiswahili kwenye tarakilishi si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Kazi hizo zilishughulikia menyu na vitufe, yaani majina. Mjadala wa wanaisimu nao umeegemea majina: tarakilishi au kompyuta, kipanya au puku. Lakini mashine inapougua, jina lake halimsaidii fundi. Linalomsaidia ni kuambiwa kama inakokota, inaganda, inazimika au inaficha, na tangu lini.

Haidaiwi hapa kwamba tiba hizi zitaufanya mfumo mkongwe kuwa salama. Windows 7 haipokei tena marekebisho ya usalama, na tangu mwaka 2023 haipati matoleo mapya ya kivinjari cha Chrome. Hivyo haifai kwa shughuli za benki. Mwenye uwezo aiongezee kumbukumbu, au abadili diski, au aweke mfumo mwepesi wa Linux. Asiye na uwezo bado anaweza kuiandikia na kuikamilisha tasnifu yake.

Vitenzi vilivyotumika katika uchunguzi huu havikubuniwa na jopo lolote. Hutumiwa sokoni na jikoni, kwa mkokoteni, kwa mafuta na kwa taa. Mwanafunzi wa Kiswahili tayari anavyo. Kilichobaki ni kuvitumia mbele ya fundi, kabla mkono wa fundi haujafikia kitufe cha kufuta.