SOMO LA MWEZI HUU: Usikaushe Kinamasi cha Bondeni

Mkulima mwenzetu wa skimu,

Shamba lako lateremka toka kilimani mpaka bondeni. Juu umepanda majani chai, katikati mahindi na malisho, na chini kabisa pana kinamasi chenye matete. Kwa kuwa chai haipendi ardhi inayotuama maji, wengi hudhani sehemu ile ni ardhi ya bure. Huchimba mifereji ya kutoa maji, au hupanda mikaratusi wapate kuni za kuuza. Kabla hujashika jembe, jifunze kwanza kazi ya kinamasi.

Kwanza, kinamasi ni ghala ya maji. Mvua kubwa inyeshapo, udongo wake mweusi hunyonya maji, kisha huyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mkaratusi hunywa maji mwaka mzima. Mizizi yake ikifika bondeni, chemchemi hupungua, na anayeuza kuni leo huenda kesho akawapeleka ng'ombe wake mbali kutafuta maji.

Pili, matete huchuja udongo na mbolea iliyochukuliwa na mvua. Maji yetu yaenda mbali. Itare na Kipsonoi huishia katika mto Sondu, nao huingia Ziwa Victoria. Nyangores hupita Bomet, huungana na Amala kuwa mto Mara, na kunywesha wanyama mpaka Serengeti.

Tatu, kinamasi ni nyumba ya ndege. Mtazame korongo mwenye taji, ambaye Wakipsigis humwita kong'ony. Hutaga mayai mawili au matatu katika kiota cha nyasi kati ya matete, na maji ndiyo boma lake. Maji yakikauka, mbwa na mbweha hufika kwa miguu. Tangu mwaka 2012 ndege huyu amo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Naye hutusaidia, maana hula panzi na wadudu wengine. Kweli, pengine hufukua mahindi yaliyopandwa karibuni. Mfukuze kwa kelele, wala usimtilie sumu.

Basi, fanya hivi:

1. Usilime ukingo wa mto. Kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima karibu na mto: si chini ya mita 6, wala si zaidi ya mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto.
2. Panda mikaratusi juu, mbali na maji.
3. Nywesha ng'ombe kwenye birika nje ya kinamasi.
4. Kata matete kwa zamu, na usiguse penye kiota.
5. Waonye watoto wasichukue mayai wala makinda.

Kumbuka, kinamasi kimoja kina wenyewe wengi. Mmoja akichimba mfereji, majirani wote hukosa maji. Kwa hiyo zungumza na wenzako wa bonde lako kabla mtu hajaanza kuchimba.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini chemchemi hupungua mikaratusi ikipandwa bondeni?
2. Maji humlindaje korongo?
3. Maji ya shamba lako yaingia mto gani?