Sahani ya bibi ina chuma?

Swali: Bibi ameniachia sahani nzito yenye maua ya buluu na mekundu. Nyuma ina mhuri wa taji na jina Mason's Patent Ironstone China. Ironstone ni 'jiwe la chuma'; je, ina chuma ndani?

Jibu: Usitegemee kukiona. Charles James Mason wa Staffordshire, Uingereza, alipata hataza ya vyombo vya aina hii mwaka 1813, na hati yake ilitaja mabaki ya chuma. Lakini chuma kingi huugeuza udongo kuwa kahawia ukichomwa, na sahani yako ni nyeupe. Kwangu mimi, jina lilikuwa ahadi kwa mnunuzi: hiki hakivunjiki ovyo.

Baba yake Mason, Miles, aliuza kauri ya China jijini London hadi kampuni ya Waingereza ya biashara ya Mashariki ilipoacha kuiagiza kwa wingi mwaka 1791. Wateja bado waliitamani, ndiyo maana maua yako yana sura ya Kichina.

Inyanyue mbele ya taa, weka vidole nyuma yake. Kauri halisi nyembamba hupitisha mwanga, kivuli cha vidole kikaonekana. Hii haitapitisha. Ioshe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu.