Hita ya Umeme Bafuni: Jua Mahali pa Kuiweka Kabla ya Kuiwasha

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nyandarua huwafanya wakaazi wengi, kutoka Ol Kalou hadi Njabini, kutafuta joto la umeme. Wapo wanaofunga shawa ya umeme, wapo wanaotumbukiza koili kwenye ndoo, na wapo wanaoingiza hita ya chumba bafuni ili mtoto asipigwe na baridi akioga. Vifaa hivi vitatu haviwekwi mahali pamoja. Somo hili linaeleza kipi kinaweza kuwa bafuni, kipi kibaki nje, na kwa nini.

Kwa nini bafu si kama sebule

Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi fulani. Ngozi ikilowa, kinga hiyo hupungua, na ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi karibu ohm 1,000. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Gawanya 240 kwa 1,000, utapata ampea 0.24, yaani miliampea 240. Hata miliampea 30 zikipita kifuani zinaweza kubana misuli ya kupumua. Tena mtu aogaye husimama miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, na hapo umeme hupata njia ya kwenda ardhini. Hitilafu ambayo sebuleni ingekushtua tu, bafuni inaweza kuua.

Hita ya chumba: ibaki nje

Hita ya kubebeka isiingizwe bafuni, wala isivutiwe umeme kwa ekstensheni kupitia mlangoni. Kanuni za BS 7671 za Uingereza, ambazo mafundi wengi nchini huzifuata, hadi 2022 zilitaka soketi ya kawaida iwe angalau mita 3 kutoka eneo la kuogea, na sasa zinataka mita 2.5. Pima bafu lako: mengi hayafiki mita 3 kwa urefu. Kwa hiyo, katika nyumba nyingi, hakuna mahali pa soketi bafuni. Pasha joto chumba cha kulala, kisha mkaushe na umvishe mtoto huko. Usianike nguo juu ya hita, na jikoni usiiweke karibu na sinki.

Koili ya ndoo: itumike penye ukavu

Chemshia maji nje ya bafu, kwenye sakafu kavu, mbali na watoto, na plagi iwe kwenye soketi ya ukutani. Usitumie ndoo ya chuma. Usipime joto kwa kidole koili ikiwa inawaka: zima swichi, chomoa plagi, ndipo uitoe koili na kugusa maji. Beseni la kuogea litiwe maji baridi kwanza, kisha ya moto, ili mtoto asiungue.

Shawa ya umeme: ifungwe na fundi

Hii ndiyo iliyotengenezwa kukaa bafuni, lakini kwa masharti. Shawa ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 23. Plagi ya kawaida hubeba ampea 13 tu. Kwa hiyo shawa haichomekwi kwenye soketi wala haiungwi na waya wa taa. Inahitaji:

- waya wake mnene kutoka kwenye sanduku la umeme, wenye breka yake;
- swichi inayokata nyaya zote mbili, iliyofungwa nje ya bafu;
- waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, uliounganishwa hadi mwisho;
- kifaa cha RCD cha miliampea 30, kinachokata umeme mara unapovuja.

Shawa nyingi zina koili iliyo wazi ndani ya maji. Waya wa ardhini ukikatwa au ukiachwa ukining'inia, maji yenyewe yanaweza kukufikishia umeme. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvi, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji hayo, kwa kuwa chumvi huongeza uwezo wa maji kupitisha umeme.

Usizoee mshtuko mdogo

Wengine wakigusa mfereji na kuhisi umeme kidogo, huvaa slipa na kuendelea kuoga. Slipa hazirekebishi kitu. Mshtuko huo ni dalili kwamba umeme unavuja. Zima shawa kwenye breka, wakataze wote kuitumia, na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo. Mpangaji, mjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba, usingoje mwisho wa mwezi.

Mtu akinaswa na umeme

Usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na umtenganishe na umeme kwa mti mkavu. Piga simu 999 au 112. Ikiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja.

Zoezi la leo jioni

Kabla ya mtu yeyote kuoga, kagua: Je, swichi ya shawa iko nje ya bafu? Je, kuna soketi au ekstensheni karibu na maji? Je, kuna waya ulioungua au kuyeyuka? Je, sanduku la umeme lina RCD, na ukibonyeza kitufe chake cha majaribio, umeme unakatika? Jibu moja likiwa baya, pasha maji jikoni kwa sufuria hadi fundi afike.