Kununua Motokaa ya Kasi Iliyokwisha Tumika: Maelezo kwa Mnunuzi wa Kenya

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye, baada ya kujiwekea akiba kwa muda mrefu, ameazimia kununua motokaa ya mkono wa pili yenye nguvu kupita kawaida, naye haitaki kwa mashindano, bali kwa kwenda kazini kila asubuhi, kuwapeleka watoto shule, na kusafiri nayo wakati wa likizo. Magari ya namna hiyo ni ya aina nyingi. Lakini madhali maneno ya jumla hayamfai mnunuzi, tumechagua kusema juu ya lile ambalo Wakenya wanalijua kuliko mengine, yaani Subaru Impreza WRX, pamoja na ndugu yake Legacy yenye tabo, zilizobeba injini iitwayo EJ20.

Mapenzi ya watu kwa magari haya hayakuzuka bure. Injini hiyo ilitokea kwanza katika Legacy mwaka 1989, Impreza WRX ikafuata mwaka 1992, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari Rally akiwa ndani ya Impreza, juu ya barabara zetu hizi za vumbi na mawe, katika mwaka ambao Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwa mara ya tatu mfululizo. Kijana aliyesimama kando ya njia siku zile akifunikwa na vumbi leo ni mtu wa makamo mwenye mshahara, na haki yake ya kutimiza tamanio la ujana wake hatuna sababu ya kuipinga. Tunalotaka ni kwamba asiingie katika biashara hii akiongozwa na tamanio peke yake.

Yapo mambo mawili yanayokutana hapa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Na Subaru nayo ilifunga mauzo ya magari mapya ya EJ20 huko Japani kwenye mwanzo wa miaka hii ya 2020. Kwa hiyo karibu kila WRX ya zamani inayotangazwa leo Nairobi au Mombasa imekwisha kaa humu nchini miaka kadhaa, imepita kwa wenyewe wawili au watatu, na kila mmoja wao ameacha ndani yake alama ya tabia yake. Anayenunua gari la namna hii hununua na tabia hizo zote, na bei iliyoandikwa kwenye kioo haimwambii neno juu yazo.

Juu ya mafuta ya injini

EJ20 ina silinda 4 zilizolala ubavu, mbili kila upande, na ukubwa wake haufiki lita 2 kamili. Nayo, kwa msaada wa tabo, katika baadhi ya matoleo hutoa nguvu za farasi 280, kiasi ambacho watengenezaji wa Japani kwa muda wa miaka mingi walikuwa wamekubaliana wasikipite. Tabo ni gurudumu dogo lenye mapezi, lizungushwalo na moshi utokao katika injini, likasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Na mhimili wake, uwezao kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, huwa umeelea juu ya utando mwembamba wa oili na hauna tegemeo jingine. Kutokana na hayo yafahamike kwamba oili ndiyo uhai wa gari hili. Ikipungua bila mwenyewe kujua, au ikazeeka kwa sababu mwenyewe alikuwa akiahirisha gharama mwezi hata mwezi, beringi za kranki huanza kuliwa, na injini iliyofikia hali hiyo haiponi kwa kuongezewa oili mpya. Sharti ifunguliwe yote, au itolewe na kutiwa nyingine, kazi ambayo gharama yake humshangaza kila ambaye hakuitazamia.

Kwa hiyo mnunuzi na aende kulitazama gari alfajiri, baada ya kumwomba muuzaji asiliwashe kabla yeye hajafika. Aweke kiganja juu ya boneti: akikuta vuguvugu, ashuku kwamba kuna mlio ambao muuzaji hakutaka usikike injini ikiwa baridi, na aombe kurudi siku nyingine. Kisha achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute kwa kitambaa cheupe, akirudishe, akichomoe tena, na kukitazama kwenye mwanga. Oili kuwa nyeusi si aibu, kwani oili inayofanya kazi yake huwa nyeusi. Oili kuwa chini ya alama ya mwisho ni shahidi mbaya juu ya mwenye gari. Na zikionekana chembe zing'aazo kitambaani, hapana haja ya kuendelea, amshukuru muuzaji na kwenda zake.

Injini ikiisha kuwashwa, asikilize. Mlio mwepesi unaosikika wakati wa baridi na kufifia baada ya dakika chache aghalabu ni wa pistoni, na magari mengi ya aina hii yameishi nao miaka mingi bila madhara. Mlio wa kuogopwa ni ule mzito utokao chini, unaozidi injini ikishapata moto, na ambao hujitokeza wazi mtu anapokanyaga mafuta kidogo kidogo gari likiwa limesimama. Hali kadhalika, injini ikiwa bado baridi, afungue kifuniko cha tangi dogo la maji ya akiba, alitazame huku fundi aliyekuja naye akikanyaga mafuta: mapovu yatokayo mfululizo ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeachia, na kwa kuwa injini hii ina silinda hedi mbili, zilizobanwa huku na huku chini ya boneti, kazi yake ni ndefu na ghali.

Ithibati kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni stakabadhi. Mwenye gari aliyekuwa akibadilisha oili kila kilomita 5,000, kama tunavyoshauri, na akatunza karatasi za gereji, anastahili kulipwa zaidi kuliko mwenye gari linalong'aa ambaye hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Na mnunuzi anayebana bei katika jambo hili mara nyingi hujinyima mwenyewe.

Marekebisho, petroli na tairi

Wako vijana, na mafundi wa kuwatumikia, wanaoifundisha upya kompyuta ya injini ili gari litoe milipuko na cheche za moto nyuma kila linapopunguza mwendo. Milipuko ile ni petroli inayoungulia ndani ya bomba la moshi badala ya ndani ya silinda, na joto lake hulipata tabo na vali za kutolea moshi. Gari lililofanyiwa hivyo halifai kwa mtu anayetaka kulitumia kila siku, hata likiuzwa kwa bei nafuu namna gani. Na tunasema hivi tukijua kwamba wengi hawatapendezwa.

Katika petroli kuna jambo lisilojulikana sana. Gari lililotengenezwa kuuzwa Japani lilikusudiwa kunywa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kanuni haipungui okteni 96 kwa kipimo cha RON, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Petroli hafifu chini ya msukumo wa tabo hulipuka kabla ya wakati wake, na pigo lile likirudiwarudiwa huvunja kingo za pistoni. Mwenye kulinunua gari hili na ahesabu katika matumizi yake ya kila mwezi petroli bora kuliko zote zipatikanazo karibu naye. Akiona haimudu, bora achague Impreza isiyo na tabo, ambayo ni gari jema na la kutegemewa.

Tairi nazo zisipuuzwe. Nguvu za gari hili huenda katika magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, na tairi zikitofautiana ukubwa, hata kwa kulika tu, difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika mpaka iharibike. Mzunguko wa tairi moja usipishane na wa nyingine zaidi ya milimita 6 hivi, maana yake ni kwamba tairi moja ikipasuka, aghalabu hununuliwa nne.

Juu ya hati hatutarefusha. Namba ya chasisi ilinganishwe na hati ya umiliki, ile watu waiitayo logbuku, na utafutaji wa kumbukumbu ufanywe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi kabla ya senti moja kutolewa, kwani gari lililowekwa rehani kwa mkopo haliwezi kuhamishwa mpaka mkopeshaji aridhie. Bima nayo husimama juu ya kusema kweli: marekebisho ya injini yasiyotajwa yanaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa.

Kwa maoni yetu, mtu wa familia anayekwenda mjini katika msongamano wa kila siku atafaidiwa zaidi na Legacy ya giaboksi otomatiki isiyoguswa na mtu kuliko WRX STI yenye klachi nzito. Lolote atakalochagua, asiimalize akiba yake yote katika bei. Abakishe angalau robo yake. Fedha hiyo itatumika katika juma la kwanza: oili na filta mpya, plagi, maji ya rejeta, na hasa mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali na kuzipinda. Ikiwa muuzaji hana stakabadhi yake, mnunuzi ahesabu kwamba haujapata kubadilishwa, aubadilishe pamoja na puli zake na pampu ya maji kabla gari halijaanza safari yoyote ya Nairobi na Mombasa.