Kichujio na Taa katika Tangi Letu la Samaki

Kila aingiaye katika chumba chetu cha Baiolojia hulitazama kwanza tangi la samaki lililo kando ya kabati, akasifu mimea yake na weupe wa maji. Wachache wanajua kwamba muhula uliopita samaki tisa kati ya kumi na wawili walikufa humo, na kwamba kosa lilikuwa langu. Nataka kueleza ilivyokuwa, ili yeyote atakayeweka tangi la namna hii nyumbani ajue jinsi ya kuchagua kichujio na taa.

Tangi lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani likijaa huchukua lita 54. Tulilinunua kwa michango ya darasa. Tulitia mchanga uliooshwa, mimea michache, na samaki wadogo waitwao gapi.

Mwanzoni nilidhani kichujio ni kama chujio la chai, kazi yake kuzuia takataka tu. Sivyo. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia ni sumu. Bakteria wakaao ndani ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na mimea huitumia kuwa chakula. Katika kichujio kipya bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kuenea vema.

Siku moja kabla ya wazazi kuja shuleni, niliona sifongo ya kichujio imekuwa nyeusi. Nikaona aibu. Nikaisugua chini ya bomba, kwa maji yenye klorini, mpaka ikawa kama mpya. Wazazi wakatusifu. Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakitweta, na siku ya tano tisa walikuwa wamekufa. Nilinyamaza juma zima huku wenzangu wakimlaumu aliyetuuzia samaki. Lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Mwishowe nilimwendea Mwalimu nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Uliondoa uchafu, au uliwafukuza wafanyakazi?”

Basi, ni kichujio gani kinachofaa? Tangi lenye mimea halihitaji mashine yenye nguvu nyingi, kwa sababu maji yakivurugwa sana, kabonidayoksaidi ambayo mimea huihitaji hutoka upesi. Kwa tangi dogo, sifongo iendeshwayo na pampu ya hewa yatosha. Bei yake ni nafuu, haivuti watoto wa samaki, na bakteria hupata humo nafasi tele. Pampu iwekwe juu kuliko maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa njia ya mpira yakaingia ndani yake. Sifongo ikichafuka, ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Sasa taa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alichapisha kitabu kueleza kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa hewa njema, ndiyo oksijeni, yakipata mwanga, gizani hayatoi. Sisi tukafikiri kwamba mwanga ukizidi, faida nayo itazidi. Mwezi wa kwanza tuliliweka tangi dirishani juani, na taa tukaiwasha mpaka usiku. Maji yakawa ya kijani kama mchuzi wa mlenda, kwani mwanga uliozidi haja ya mimea ulikuwa unakuza mwani. Sasa tangi liko mbali na jua, nasi tunatumia taa nyeupe ya LED ya wati 10, muda wa saa nane kila siku. Maji ya kina kifupi hayahitaji taa kali. Mwani ukianza kuonekana, tunapunguza muda hadi saa sita.

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka pamoja samaki wawili, konokono waliokula majani yaliyooza, na mmea wa vallisneria, ambao huota pia katika Ziwa Tanganyika. Kila kimoja kilimfaa mwenzake. Ndivyo ilivyo hata leo: taa huikuza mimea, mimea hunyonya amonia na nitrati, na hivyo hukipunguzia kichujio kazi. Kwa hiyo usichague kichujio peke yake wala taa peke yake. Hesabu kwanza samaki na mimea yako, ndipo uende dukani.

Tumeongeza mimea, tumepunguza chakula, na kila juma tunabadilisha robo ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa katika ndoo wazi siku nzima. Wale samaki watatu waliosalia wamekwisha zaa. Sifongo yetu ni nyeusi tena, na safari hii sioni aibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu